Tembo wa Chupa na Tembo la Kibuyu

 Nianze kwa kusema wazi nisije nikaeleweka vibaya. Mimi ni Muislamu, pombe sijaionja wala siombi kuionja, na hukumu yake katika dini yetu haina mjadala. Leo nazungumzia haki ya jirani yangu mbele ya serikali.

Mwezi uliopita nilikwenda Kaloleni kwa mazishi ya upande wa mama. Mama alisilimu alipoolewa, nduguze wakabaki na mila za wazee wao, nasi miaka yote tumezikana bila ugomvi. Usiku wa pili wa matanga gari la askari likaingia. Wakamwaga mitungi mitatu ya tembo uani, wakaondoka na mjomba wangu, mzee wa miaka sabini na ushei aliyegema tangu ujana wake. Alirudi asubuhi baada ya sisi kuchanga. Risiti sikuiona. Na hapo barabarani palikuwa na baa imejaa watu, muziki juu, na gari lile lile lilipita mlangoni pake bila kusimama.

Mjomba aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, wewe umesoma. Hii yangu na ile ya baa, tofauti yake ni nini?"

Tofauti yake ni historia. Kampuni ya Kenya Breweries ilisajiliwa Nairobi mwaka 1922, ikaanzishwa na walowezi wa Kizungu. Mwaka uliofuata mmoja wa waanzilishi, George Hurst, akauawa na ndovu akiwa mawindoni, na bia yao ikapewa jina la Tusker, yaani ndovu dume mwenye pembe. Basi nchi hii ina tembo wawili: yule aliyechorwa kwenye chupa, na lile linalotoka juu ya mnazi. Wa kwanza alizaliwa na leseni. La pili limekuwapo kabla ya serikali yenyewe, na tangu ukoloni linaandamwa na vibali na misako.

Wakati wa mkoloni Mwafrika hakuruhusiwa kununua bia ya chupa. Ruhusa ilikuja baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mjini aliwekewa vilabu vya baraza la mji auziwe pombe ya kienyeji humo, na faida ikaingia mfuko wa baraza. Pombe ilikuwa mbaya ikiuzwa na mama nyumbani kwake, na nzuri ikiuzwa na serikali.

Baada ya uhuru mambo hayakubadilika sana. Chang'aa ilipigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 1980, watu wakaendelea kuinywa gizani, wengine wakafa kwa kemikali. Sheria ya mwaka 2010 ikairuhusu kwa masharti, na katiba ya mwaka huo huo ikakabidhi kaunti leseni za vileo. Bia ya Senator Keg, iliyotoka mwaka 2004, ilipunguziwa ushuru ili maskini aache sumu za vichochoroni. Kiwanda kilisikilizwa. Mgema hakuna aliyemwita mkutanoni.

Mapema mwaka 2024 watu zaidi ya kumi walikufa Kirinyaga kwa pombe yenye sumu, na msako ukatangazwa nchi nzima. Sawa, roho za watu si mchezo. Lakini msako ukifika Pwani unamkuta mgema na kotama yake. Tembo ni maji ya mnazi yanayochacha yenyewe. Likigemwa asubuhi ni tamu, jioni linalevya, kesho yake linaelekea siki. Kilevi chake ni kama cha bia. Hatari inaingia pale mchuuzi anapotia vitu vyake, naye ndiye wa kusakwa.

Kwa Wamijikenda tembo ni zaidi ya kinywaji. Mahari hufunguliwa kwa kadzama, na makoma ya wazee humiminiwa. Mtafiti David Parkin, aliyeishi na Wagiriama wa Kaloleni, aliandika kitabu mwaka 1972 akieleza jinsi umiliki wa minazi ulivyothibitishwa na mashahidi wazee, na wazee hao wakikaa huwekewa tembo. Alieleza pia kwamba baadhi ya waliokuwa wakinunua minazi ya wenzao waliingia Uislamu baada ya kuambiwa na waganga kuwa ndiyo dawa ya maradhi yao. Wakaacha kunywa na wenzao, na mali ikabaki mikononi. Yaani hata sisi Waislamu tumo katika historia ya tembo hili.

Siwatetei walevi. Nimeona wanaume waliolewa mangweni saa nne asubuhi na watoto wamekosa karo. Lakini nimeona pia karo iliyolipwa na tembo, ya binamu zangu watatu. Kole linalogemwa halizai nazi, na mgema analijua hilo. Anagema kwa sababu tembo humpa pesa kila siku, na nazi humngojesha miezi kisha bei inapangwa na dalali.

Kwa hiyo ninayo maombi mawili. Serikali za kaunti zimpe mgema leseni nafuu, zipange saa za kuuza na umbali kutoka shule, zipime kinachouzwa, na atakayetia kemikali ashtakiwe. Na sisi Waislamu, tunaopiga makofi mitungi ikimwagwa, tuanze kununua nazi, mafuta na siki kwa bei ya haki. Mjomba wangu hajawahi kuniambia anapenda kupanda mnazi akiwa na miaka sabini. Ameniambia hana njia nyingine.

Swali lake bado sijalijibu vizuri. Nitarudi Kaloleni arubaini ikifika, na najua ataniuliza tena.