Majeraha ya vita si ya mwili tu



Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo huku kwetu Muleba huzungumzwa kwa kunong'ona, nalo ni hali ya wazee wetu waliopigana Vita vya Kagera.

Lililonisukuma kushika kalamu ni habari za askari wa Marekani wanaoongoza ndege za kivita zisizo na rubani. Wanafunzi wangu huziita droni, kwa kuwa wameziona zikipiga picha harusini. Askari hao hukaa katika chumba chenye kiyoyozi huko Nevada, na ndege yenyewe huenda imeruka kutoka Djibouti na iko juu ya Somalia. Hakuna risasi inayoweza kumfikia mwenye kuiongoza. Zamu yake ikiisha hupanda gari, akapitia dukani, akaenda kula na watoto wake. Mtu angedhani askari wa namna hiyo atakuwa mzima kuliko askari wote duniani.

Sivyo ilivyo. Uchunguzi wa jeshi lao la anga uliotangazwa mwaka 2011 ulikuta kwamba karibu nusu ya waongozaji hao walikuwa na msongo mkubwa wa kazi. Mwaka 2013 wachunguzi wa afya wa majeshi ya nchi hiyo waliwalinganisha na marubani wanaopaa wenyewe, wakakuta maradhi ya akili yanawapata wote kwa kiwango kinachokaribiana. Sababu kubwa zilizotajwa katika uchunguzi ule wa kwanza hazina ajabu: saa nyingi za kazi, zamu zinazobadilika usiku na mchana, na uchache wa watu. Mwalimu wa kijijini mwenye darasa la watoto mia anaelewa hayo bila kufundishwa. Lakini iko na nyingine. Rubani wa kawaida huangusha bomu akaondoka. Huyu wa chumbani huenda amemtazama mtu siku kadhaa, amemwona akitoka nyumbani na wanawe, halafu kombora likishapiga haruhusiwi kugeuza uso. Hutakiwa abaki akitazama, aeleze kilichoharibika na waliokufa.

Sisemi haya ili tuwaonee huruma wao kuliko wanaopigwa. Raia waliokufa Somalia, Yemen na Pakistan bila kushika silaha wana madai yao, na madai hayo ni mazito zaidi. Ninachouliza ni hiki: ikiwa mtu aliye mbali kiasi kile huumia akili, tulitegemea nini kwa mkulima wa Muleba aliyechukuliwa akiwa mgambo, akapewa bunduki, akavuka Mto Kagera na kuona kwa macho yake kilichokuwa ng'ambo?

Wasomaji vijana wakumbushwe kidogo. Majeshi ya nduli Idi Amin yaliingia mwishoni mwa Oktoba 1978, yakakalia eneo la kaskazini ya Mto Kagera, yakaua na kupora, na daraja la Kyaka likavunjwa. Mji wa Bukoba nao ulitupiwa mabomu na ndege zake. Jeshi letu lililokuwa na watu wapatao 40,000 liliongezwa hata kupita 150,000 kwa kuchukua mgambo, vijana wa JKT, polisi na askari wa magereza. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Baada ya hapo mgambo wengi walirudi vijijini kwao, kwenye vibanja vyao vya migomba na kahawa, na watu wakadhani mambo yamekwisha.

Katika kitongoji ninachofundisha yupo mzee mmoja wa hao. Mguu wake mzima, mkono wake mzima, hana kovu. Yeyote anayeijua Bukoba anajua radi za ziwani zilivyo usiku wa masika. Basi radi ikianza kunguruma huyu mzee hutoka nje, akalala kifudifudi kwenye mtaro wa migomba, mvua ikimnyeshea, mpaka iishe. Ukimwuliza kesho yake atakuambia aliisikia Saba Saba, yaani ile mizinga yetu ya makombora ambayo watu wa Uganda waliipa jina hilo. Mkewe, ambaye namheshimu sana, hajawahi kumwamsha kwa kumgusa. Husimama mlangoni akamwita kwa jina, mara mbili au tatu, akangoja. Mama huyu hakusomea uuguzi, na amefanya kazi hiyo zaidi ya miaka 40 bila mtu kumwambia asante.

Na majirani wanasemaje? Wapo wasemao ni rubisi. Kweli anakunywa, lakini mimi nimemwona akinywa zaidi siku zenye mawingu, nanyi mtajaza wenyewe. Wengine husema amerogwa, au damu ya watu aliowaua inamlilia. Watoto nao wamebuni mchezo wao: hukanyaga chupa tupu ya maji ipasuke kwa kishindo wakati mzee anapita, wapate kumwona akiruka kuingia kwenye mibuni. Nilipoujua mchezo huo niliwakusanya darasa la sita na la saba, nikawaeleza Kyaka ni nini na nani aliyekwenda kuikomboa. Mchezo ulikoma. Mtoto mmoja akaniuliza, "Mwalimu, sasa kwa nini hapelekwi hospitali?" Swali hilo ndilo ninalolipeleka kwa wakubwa.

Maana alipelekwa. Katika zahanati moja alipimwa malaria, hakukutwa nayo, akapewa dawa za maumivu, akarudi. Jirani mmoja aliposhauri aonwe na daktari wa akili, mzee alikasirika hata akataka kupigana, akasema yeye si wa kupelekwa Mirembe. Hapa sote tuna hatia kidogo. Hospitali ile ya Dodoma imetibu watu wengi, lakini jina lake tumeligeuza kuwa tusi la kutupiana vilabuni, na sasa mgonjwa anaona afadhali alale mtaroni kuliko kutajwa nalo.

Wataalamu wenyewe walichelewa. Maradhi haya ya mtu kurudishwa vitani na fikra zake yaliingizwa katika kitabu rasmi cha madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, yaani vita vyetu vilikuwa vimekwisha mwaka mmoja nyuma. Kwa hiyo simlaumu mtu kwa yale ya 1979. Lakini tangu hapo elimu imeenea, na sisi tunayo Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008. Hospitali zetu zina dirisha la wazee, jambo zuri ambalo napongeza. Mzee akifika hapo huulizwa presha na sukari. Kwa nini asiulizwe pia analalaje, na kama aliwahi kwenda vitani? Swali hilo halihitaji mashine wala fedha za kigeni.

Isidhaniwe kuwa haya ni ya wazee pekee na yatakwisha nao. Vijana wetu wamekuwa wakitumwa mashariki ya Kongo tangu 2013 katika kikosi cha Umoja wa Mataifa. Ndege zisizo na rubani nazo zilianza kutumiwa na umoja huo pale Goma mwezi Desemba mwaka huo huo, zikiwa za upelelezi bila silaha, na Goma si mbali na sisi. Tarehe 7 Desemba 2017 askari wetu wasiopungua 14 waliuawa Semuliki katika shambulio moja. Tuliwalilia na kuwazika kwa heshima. Je, wenzao waliokuwa nao usiku ule wakatoka hai, walipofika kwao mikoani ni nani aliyewafuata mwaka mmoja baadaye, miaka mitano baadaye? Jeshi lina madaktari wake na huenda hufanya mengi tusiyoyaona. Lakini askari akishastaafu huwa mwanakijiji, na mwanakijiji hutibiwa zahanati.

Hapa wilayani Muleba tunayo Kaboya, wanakolala mashujaa wa vita vile. Mwaka 2013 Siku ya Mashujaa iliadhimishwa hapo Rais Kikwete akiwapo. Napendekeza kila tarehe 25 Julai, hata sherehe za taifa zikifanyika mkoa mwingine, halmashauri za Muleba na Bukoba ziwaite Kaboya wazee walio hai pamoja na wake zao, na baada ya maua kuwekwa wakae na mganga wa maradhi ya akili chini ya mti, mmoja mmoja, bila kipaza sauti. Hali kadhalika watendaji wa vijiji waandike majina yao sasa, kwa sababu aliyekuwa na miaka 20 wakati daraja la Kyaka linavunjwa alizaliwa mwaka 1958, na kila masika tunazika.

Naomba wahusika watujibu kupitia ukurasa huu huu: katika wilaya hizi mbili, ni zahanati ipi mzee wa namna hii aende, siku gani, na amwulize nani?

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Muleba, Kagera.