Baada ya Mshindi Kupatikana

Mara nyingi mashindano ya chemsha bongo katika shule za msingi hukoma mahali ambapo somo lingepaswa kuanza. Mshindi hutajwa, makofi hupigwa, madaftari hufungwa. Kwa maoni yetu desturi hiyo huwapunja watoto, nasi twakiri kwamba tuliifuata.

Katika shule moja ya Bomang'ombe tulishindanisha vikundi vya Darasa la Tano kwa fumbo la kale. Mtu ana chui, mbuzi na mzigo wa majani, naye ataka kuvuka mto kwa mtumbwi uwezao kubeba kimoja tu pamoja naye. Asipokuwapo, chui atamla mbuzi, na mbuzi atakula majani. Avukeje? Mto tuliuchora sakafuni kwa chaki, na visoda vikawa chui, mbuzi na majani. Mtoto mmoja aliuliza ni lini mtumbwi umeonekana Kikafu. Darasa likacheka, kazi ikaanza.

Kikundi cha kwanza kilimvusha mbuzi, mtu akarudi. Kikamvusha chui, mbuzi akarudishwa. Kikavusha majani, mtu akarudi kumchukua mbuzi. Safari 7, sawasawa na andalio letu la somo. Tukakipa ushindi. Kikundi cha pili kilivusha majani kabla ya chui; nasi, kwa kutazama andalio badala ya visoda, tukakitia kosa. Msichana mmoja akasimama: "Samahani, Mwalimu. Chui hali majani. Akitangulia yeye au yakitangulia majani, kuna hasara gani?" Tukahesabu upya mbele ya darasa. Safari zilikuwa 7 vilevile.

Kisha tukawauliza washindi kwa nini mbuzi alirudishwa. Wakanyamaza, walikuwa wamejaribu tu hadi ikatokea. Tuliowatia kosa ndio walioeleza: mbuzi hawezi kuachwa na chui wala na majani, hivyo ndiye apaswaye kwenda na kurudi.

Fumbo hili si geni duniani. Lenye mbwa-mwitu, mbuzi na kabichi limo katika mkusanyo unaohusishwa na Alcuin, mwalimu wa Ulaya aliyefariki mwaka 804. Naye George Polya, katika kitabu chake cha mwaka 1945, aligawa kazi ya kutatua swali katika hatua 4: kulielewa, kupanga njia, kuitekeleza, na kuitazama tena kazi iliyokwisha. Mashindano yetu hukomea hatua ya tatu.

Wako watakaosema kwamba vipindi ni vifupi na madarasa yamejaa. Ni kweli. Lakini dakika 10 zatosha vikundi viwili kueleza: Mlianzia wapi? Mlikwama wapi? Je, ipo njia nyingine? Na mwalimu asitangaze mshindi kabla ya kusikia majibu hayo.

Msichana yule tulimwomba radhi mbele ya wenzake. Asingesimama, angekwenda nyumbani akiamini kwamba amekosa, nasi tungeendelea kuamini kwamba tumefundisha. Mwalimu mtarajiwa, kumbuka kwamba watoto wengi hawasimami.