Kumnyatia Ayala Kwataka Subira

Ndugu msomaji, juma hili safu yetu yakupeleka mbali, hata kwenye milima na nyika kavu za magharibi ya Marekani, katika majimbo kama Wyoming, Colorado na Utah. Huko yupo mnyama wa jamii ya ayala ambaye masikio yake ni makubwa mithili ya masikio ya nyumbu. Simsemi nyumbu wa Serengeti, bali yule mzaliwa wa punda na farasi. Kwa ajili ya masikio hayo wenyeji humwita ayala-nyumbu.

Usimfananishe na swala wetu. Pembe za swala hudumu maisha yake yote, lakini pembe za ayala dume huanguka kila mwaka, kisha huota nyingine zilizogawanyika mfano wa panda. Akishtuka, huruka kwa miguu yote minne kwa pamoja, kama mpira unaodunda, akiupanda mteremko ambao binadamu angeukwea kwa kutambaa.

Wamwindao si matajiri peke yao. Wapo mafundi, madereva na walimu waliochukua likizo ya siku chache. Kila mmoja hana budi kuwa na leseni, na mahali pengi leseni hizo hutolewa kwa kura. Mtu aweza kungoja miaka kadhaa ndipo apate ruhusa ya kumwua dume mmoja tu. Kwa hiyo siku zile chache zina thamani kubwa, na hapo ndipo majaribu yanapoanzia.

Kazi ya kwanza ni kukaa, wala si kutembea. Kabla ya mapambazuko mwindaji huketi juu ya kilima na kuchungua mabonde kwa darubini, kipande baada ya kipande. Hatafuti mnyama mzima. Hutafuta ncha ya pembe, sikio linalotikisika, au mgongo uliolala sawa na ardhi mahali ambapo vichaka vyote vimesimama. Jua likipanda, ayala huacha malisho na kwenda kulala kivulini. Hapo mwindaji hutia alama akilini: mti ule, jiwe lile, kwa maana akifika upande wa pili kila kitu kitaonekana kigeni.

Kazi ya pili ni kuujua upepo. Macho ya ayala yaweza kudanganywa na kutulia kwako, na sauti ndogo aweza kuidhania kuwa ni ya ng'ombe au ya tawi. Lakini pua yake haidanganyiki. Alfajiri hewa ya baridi huteremka bondeni. Jua likishaupasha mteremko moto, hewa hugeuka na kupanda juu. Mwenye busara hungoja mpaka mgeuko huo utulie, kisha huzunguka nyuma ya kilima na kushuka kutoka juu, ili harufu yake ipande juu isimfikie mnyama. Kila mara hupuliza unga laini kidogo hewani, atazame unakoelekea. Wengine, wakifika karibu, huvua hata viatu.

Yafaa kueleza jambo moja linaloshangaza. Katika Colorado mwindaji wa bunduki hulazimishwa na sheria kuvaa rangi ya chungwa au ya waridi inayong'aa. Ayala hawezi kuitofautisha vema rangi ya chungwa na majani, lakini binadamu huiona mara moja. Vazi hilo lamlinda mtu na risasi ya mwenzake.

Sasa dume amelala hatua mia mbili mbele, na kifua chake kimefichwa na kichaka. Saa mbili zimepita. Kesho ni siku ya mwisho, na nyumbani watoto wanamngoja baba. Je, afyatue? Mwindaji wa kweli hafyatui. Hungoja mnyama asimame mwenyewe, apate kulenga nyuma ya bega, penye moyo na mapafu. Risasi ya kubahatisha humjeruhi mnyama, naye huenda akafa kwa maumivu mahali asipoonekana. Hapo familia haikupata nyama, na mnyama hakupata kifo cha haraka. Upepo ukigeuka na dume akaenda zake, basi ameenda.

Uangalifu huo una historia yake. Katika karne ya 19 wanyama waliuawa ovyo kwa ajili ya kuuza nyama na ngozi, hata mahali pengi wakakaribia kutoweka. Mwaka 1900 ilipitishwa sheria ya kuzuia biashara ya wanyama waliouawa kinyume cha sheria, na mwaka 1937 ikaja nyingine, iliyoelekeza kodi ya bunduki na risasi kwenye hifadhi ya wanyama.

Hata nyama ikifika nyumbani, subira haijaisha. Mwaka 1967 uligunduliwa huko Colorado ugonjwa unaoharibu ubongo wa ayala na kumkondesha hadi kufa. Hauna dawa, na umeenea katika majimbo mengi. Hajathibitika mtu aliyeupata kwa kula nyama, lakini wataalamu wa afya hushauri mnyama atokaye eneo lenye ugonjwa apimwe kwanza, na akionekana anao asiliwe. Basi baba huiweka nyama kwenye barafu, na jamaa wote hungoja jibu.

Ndugu msomaji, pengine wewe hutashika bunduki maisha yako yote. Lakini sote twazijua siku za mwisho wa likizo na mwisho wa mwezi, ambapo haraka hutuambia tufyatue tu, litakalokuwa na liwe. Mvumilivu hula mbivu, walisema wazee. Nami naongeza: mvumilivu wa kweli ni yule awezaye pia kurudi mikono mitupu bila kuona haya.

Hadi Jumapili ijayo, kwaherini.