KUUZA VITU VIKUUKUU: TUSIUZIANE HATARI



Mshahara haufiki mwisho wa mwezi, na wengi wetu jioni au Jumapili twauza vitu vilivyokwisha tumika: pasi, redio, jiko la umeme, mipira ya gari. Hatuna neno na biashara hiyo. Ni halali, tena yamfaa mtu asiyeweza kununua kipya. Lakini kitu kuwa kikuukuu hakumwondolei muuzaji wajibu wake.

Kwanza, kitu kiwe chako kukiuza. Apokeaye mali ya wizi huku akijua, au akiwa na sababu ya kujua, aweza kufungwa hadi miaka 14 kwa kifungu cha 322 cha Sheria ya Makosa ya Jinai. Basi aliyekuuzia na akupe risiti.

Pili, mfanya biashara huhesabiwa na Sheria ya Kuwalinda Wanunuzi ya 2012 kuwa ameahidi kitu kina hali ya kufaa. Kibao cha "mali ikiuzwa hairudishwi" hakifuti ahadi hiyo. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, yampa mnunuzi haki ya kupata habari za kitu, kulindwa afya na usalama wake, na kulipwa fidia akiumizwa na ubovu wake. Auzaye redio yake ya nyumbani hana mzigo wote huo, lakini naye haruhusiwi kumdanganya mnunuzi.

Sasa tazameni vitu vyenyewe. Pasi iliyochunika waya, au iliyokatwa ule waya wa kijani na manjano uendao ardhini, yaweza kuua mtu. Mpira wa gari una tarakimu nne ubavuni: 2312 maana yake ulitengenezwa juma la 23 la mwaka 2012. Kupaka rangi nyeusi juu ya nyufa zake si ufundi, ni kumchimbia mtu kaburi.

Na mnunuzi huyo ni nani? Si tajiri, ni mfanya kazi mwenzetu. Twamdai mwajiri aweke vizuizi kwenye mashine ili tusikatwe vidole. Twawezaje basi kumwuzia ndugu yetu moto aupeleke nyumbani kwa watoto wake?

Kijaribuni kitu mbele ya mnunuzi. Kasoro iandikeni katika risiti. Kisichotengenezeka kivunjeni, msikiuze. Hasara ya shilingi chache yapona, maiti haiponi.

Umoja ni nguvu.