Namba mbili ni ya nani?

Jamani, leo siasa naziweka pembeni. Nataka kugombana na waandika programu, hasa wale rafiki zangu tuliomaliza nao chuo wanaoamini kwamba kila kinachowezekana kwenye kompyuta basi ni haki yao kukifanya.

Kuna kitu wanakiita metaprogramingi: programu inayoandika au kubadili programu, hata yenyewe, huku ikiendelea na kazi. Lugha kama Ruby na JavaScript, zote za mwaka 1995, zinakuruhusu kufungua hata vitu vyake vya msingi, namba na orodha, ukaviongezea amri zako. Rails, iliyoandikwa kwa Ruby na kutolewa mwaka 2004, iliifanya namba 2 ielewe 2.days.ago, yaani siku mbili zilizopita. Utamu wake siukatai. Lugha inakufuata unavyotaka kusema.

Lakini hebu tuulizane: hiyo namba 2 ni ya nani?

Mwaka 2006 ilitoka MooTools, maktaba ya misimbo ya JavaScript. Ilipachika amri zake kwenye kiolezo ambacho kila orodha ndani ya ukurasa inakirithi. Mojawapo ni flatten, ya kuzikunjua orodha zilizomo ndani ya orodha nyingine. Tovuti nyingi zikaichukua MooTools. Miaka ikapita, mafundi wakahamia kwingine, tovuti zikabaki.

Mwaka 2018 kamati ya JavaScript ikataka kuingiza amri ya namna hiyo rasmi, kwa jina hilo hilo. Ilipojaribiwa kwenye toleo la majaribio la Firefox, tovuti ikavunjika. Kisa? MooTools ilikuwa ikipita kwenye kiolezo na kunakili amri inazoziona ili izitumie kwingine. Amri rasmi za lugha hufichwa katika upitaji huo. Flatten ilipokuwa rasmi, nayo ikafichika, haikunakiliwa. Kamati ikasalimu amri: jina likawa flat.

Kuna waliosema acha zivunjike, wenye tovuti wazirekebishe. Wenye tovuti wepi? Mimi kazi yangu ni kuchimba habari za zamani. Kurasa ninazozitegemea nyingi hazina fundi tena, na pengine aliyeziweka hakumbuki hata nywila. Ukurasa kama huo ukifa, hakuna wa kuufufua, na ushahidi wa nani alisema nini unakwenda nao. Kamati ilifanya sawa kuuokoa. Kosa ni la waliogusa kisicho chao.

Na msiniambie hapakuwa na njia nyingine. Unaweza kuandika amri inayojitegemea: unaipa orodha, inakurudishia orodha, kiolezo cha wote hukigusi. Ruby yenyewe mwaka 2013 ilileta utaratibu wa kuongeza amri zinazofanya kazi ndani ya faili lako tu, faili la jirani lisijue. Kwa hiyo sipingi metaprogramingi. Napinga kuifanyia sebuleni kwa watu.

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Huku mtandaoni mchumaji anaondoka zake mapema, na wanaokula janga ni watu ambao hata jina lake hawajawahi kulisikia.

Naomba kuwasilisha.