Saa Isiyowaka Tena Gizani Bado Ina Mionzi

Wadau, leo tuache simu kidogo tuzungumzie saa za kale. Vumilieni, hifadhidata inakuja.

Babu yangu alirudi kutoka vita vya Burma na saa ya mkono. Miaka kadhaa iliyopita niliipeleka kwa fundi saa hapa Kisumu. Akafungua kioo, akakwangua unga wa kahawia kwenye mishale, akaupuliza kwa mdomo. Mimi nimeinama pale pale natazama! Baadaye mwalimu mmoja wa fizikia aliisogezea saa ile kipima mionzi, kikaanza kulia ta-ta-ta. Radiamu.

Rangi ile ni mchanganyiko wa radiamu na zinki salfaidi. Mionzi ya radiamu huifanya salfaidi ing'ae. Miaka ikipita salfaidi huchakaa, mwanga unazimika, na watu hudhani hatari nayo imezimika. Lakini radiamu-226 huchukua miaka 1,600 kupungua nusu, kwa hiyo saa ya 1944 bado ina zaidi ya asilimia 95 ya radiamu yake. Ikiingia mwilini, huchukuliwa kama kalsiamu na kwenda kukaa mifupani. Ndiyo iliyowaua wasichana wa New Jersey waliopaka nyuso za saa miaka ya 1910 na 1920, wakichonga ncha za brashi kwa midomo.

Kisumu inahusikaje? Huu ni mji wa meli na reli, na mwishoni mwa miaka ya 1930 ndege za majini za Imperial Airways zilitua hapa ziwani. Geji na dira za enzi hizo mara nyingi zilipakwa radiamu zisomeke usiku. Anayekusanya masalia ya namna hiyo lazima aulize.

Na hapa ndipo sisi waandishi wa programu tunapokosea. Niliwahi kutengeneza orodha ya mkusanyiko mmoja wa vitu vya kale: jina, mwaka, aliyetoa, hali. "Hali: nzuri." Basi! Sasa nimeongeza sehemu ya mionzi, na ni ya lazima. Rekodi ya saa au geji haihifadhiki bila kipimo. Wenzangu walilalamika kwamba nawachelewesha. Wacheleweshwe.

Kilichobaki ni rahisi. Usifungue kioo, usikwangue, vaa glavu, weka lebo. Radiamu hutoa gesi ya radoni, kwa hiyo kabati liwe na njia ya hewa kutoka nje ya jengo. Droo ya karani haifai. Na usitupe jaani: kuna Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia ya Kenya, iliyoundwa kwa sheria ya 2019. Waulize.

Saa ya babu iko ndani ya mfuko uliofungwa, stoo ya nje. Nilimrudia yule fundi nikamweleza. Alicheka kwanza, kisha akanyamaza, akihesabu ngapi za aina ile amewahi kufungua.