Filamu za Lubumbashi zinafika Cannes, Katuba bado inangoja

Mwezi wa tano mwaka 2023, Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi aliyekulia Ubelgiji, alipewa zawadi ya Sauti Mpya huko Cannes, Ufaransa, katika kitengo cha Un Certain Regard. Filamu yake, Augure, inamfuata kijana anayerudi Kongo kuonana na familia iliyomkataa tangu utoto. Miaka minne mbele ya hapo, wasanii wawili wa mji huu, Frank Mukunday na Tétshim, walikuwa wametoa Machini, filamu fupi iliyotengenezwa kwa mawe, chaki na vitu vilivyookotwa. Inaonyesha watu wanaoishi kando ya viwanda vya madini na kuvuta moshi wake. Nayo ilisafiri nchi nyingi.

Kwa hiyo mji huu haukosi watu wa kutengeneza filamu. Unachokosa ni desturi ya kuzileta mbele ya wakaaji. Filamu ya Lubumbashi inatoka hapa, inazunguka Ulaya, na ikirudi inapata jioni moja katika ukumbi wa katikati ya mji, kwa Kifaransa, mbele ya watu wanaojuana. Mama anayeuza mkaa Katuba hajui kama ilipita.

Tuseme ukweli: Lubumbashi si jangwa. Tangu 2008, shirika la Picha, lililoanzishwa na Sammy Baloji, Patrick Mudekereza na wenzao, limeleta hapa wapiga picha, watu wa video na wachoraji kutoka pande zote za dunia. Mkutano wake wa kwanza ulifanyika 2008, wa pili 2010. Ule wa tatu ulingoja hadi 2013, kisha ikaja 2015, 2017, 2019, 2022 na 2024. Leo unaitwa Biennale ya Lubumbashi na unajulikana mbali. Lakini ni kazi ya sanaa ya picha kwa ujumla, na haiji kila mwaka. Mtoto aliyeanza sekondari wakati wa mkutano mmoja anaweza kufika darasa la tatu kabla ya kuona mwingine. Kungoja miaka miwili si kosa, hata FESPACO ya Ouagadougou inafanya hivyo. Ila FESPACO imeshika mwendo huo tangu 1979, na mji mzima unajua ni lini.

Mfano wa karibu zaidi uko Goma. Mwaka 2002, mwaka uleule ambao lava ya Nyiragongo ilifunika sehemu kubwa ya mji huo, mtengenezaji filamu Petna Ndaliko Katondolo alifungua pale kituo cha vijana kinachoitwa Yole!Africa. Katikati ya miaka hiyo ya 2000, kituo kikazaa tamasha la kila mwaka, Salaam Kivu International Film Festival, ambalo watu walilifupisha kuwa SKIFF. Wakati huo vita vilikuwa havijaisha kabisa Kivu. Wanahabari wa nje waliokuja Goma walitafuta wakimbizi na waasi, kisha wakarudi na picha zao. Tamasha lilichagua njia nyingine: kuwapa vijana wa hapo kamera, mafunzo na skrini, na kuwaalika watengenezaji filamu wa nchi nyingine waje waangalie pamoja nao. Filamu zilichanganyika na ngoma na muziki, na kijana asiye na franga mfukoni aliweza kuingia.

Mwaka 2012, mwezi wa kumi na moja, M23 iliingia Goma na kukaa siku zipatazo kumi. Tamasha halikufa. Baadaye lilibadilisha jina, likaitwa Congo International Film Festival, jina lenye kubeba nchi nzima. Mwaka 2021 volkano ililipuka tena. Na tangu mwisho wa Januari 2025, mji ulipoangukia tena mikononi mwa M23, uwanja wa ndege ulifungwa na benki zikafunga milango. Mtu anayejua maisha ya Goma anaelewa maana yake kwa kazi yoyote inayohitaji kualika wageni na kulipa mafundi.

Hapo ndipo Lubumbashi inapaswa kujiuliza swali lisilopendeza. Kama mji uliokaa kati ya volkano na bunduki uliweza kuweka skrini mwaka baada ya mwaka, mji wa shaba na kobalti, wenye umeme unaokatika lakini wenye amani, unakosa nini? Pia Kivu ikiwa taabuni, nani atawapokea watengenezaji filamu wa mashariki wanaozungumza Kiswahili kama wa hapa?

Zanzibar inafundisha jambo jingine. Tamasha lake, ZIFF, lilianzishwa 1997 na kufanya onyesho la kwanza 1998, ndani ya Ngome Kongwe ya Mji Mkongwe. Watu wa nje wanazungumzia zawadi yake, Jahazi la Dhahabu. Kilicho muhimu zaidi kwa Lubumbashi ni kwamba ZIFF haikubaki ndani ya ngome. Ilipeleka filamu vijijini Unguja na Pemba, ikaweka maonyesho ya wanawake na ya watoto. Wavuvi wasiopanga foleni mjini walifuatwa walipo.

Huko Katanga jambo hilo si geni, ingawa historia yake ina uchungu. Wakati wa ukoloni, wamisionari na Union Minière walionyesha filamu katika makambi ya wafanyakazi, na tangu 1945 Waafrika walikatazwa kuona filamu ambazo hazikupitishwa na sensa. Skrini ya wazi ilikuwa njia ya kuwafundisha watu utii. Baada ya uhuru, kumbi za sinema zilifunguka kwa wote, kisha nyingi nchini zikafungwa au zikageuka makanisa. Leo filamu inaangaliwa kwenye simu, kila mtu peke yake, kifurushi cha intaneti kikiruhusu.

Watu watasema: maji kwanza, barabara kwanza. Wana haki ya kusema hivyo, hasa wa komini ya Annexe. Lakini pesa za tamasha dogo haziwezi kujenga barabara, na tangu Kodi ya Migodi ya 2018 kuna fungu linalojulikana. Katika mrabaha wa madini, asilimia 25 inakwenda kwa jimbo na asilimia 15 kwa mamlaka za chini, yaani miji, komini na sekta ambako madini yanachimbwa. Ruashi ina mgodi mlangoni. Hakuna anayeomba asilimia nzima. Skrini moja ya kuhamishwa, mashini ya kuonyesha, jenereta, walinzi na mafundi kwa wiki moja ni matumizi ambayo komini inaweza kuyaandika kwenye bajeti yake na wakaaji wakayasoma.

Ipo hatari hapo, na haifai kufichwa. Anayelipa hupenda kuchagua. Mwezi wa tisa 2015, serikali ilipiga marufuku filamu ya Thierry Michel kuhusu Daktari Mukwege wa Panzi, Bukavu, kabla ya kuondoa marufuku hiyo baada ya kelele za watu. Filamu inayoonyesha moshi wa kiwanda haitafurahisha kila kampuni. Kwa hiyo pesa zitoke kwa jimbo na komini, lakini orodha ya filamu ichaguliwe na kamati ya watu wa fani, na gavana asiwe na sahihi juu yake. Bila sharti hilo, afadhali Picha na Halle de l'Étoile waendelee na wafadhili wao wa nje.

Halafu kuna lugha. Mtoto wa Kongo aliyepanda juu kabisa katika sinema ya Afrika, Ngangura Mweze, alizaliwa Bukavu, na Pièces d'identités yake ilichukua Étalon de Yennenga mwaka 1999. Hata hivyo filamu nyingi za Kongo zinakuja kwa Kifaransa au Kilingala, na maandishi ya chini hayasomeki usiku na mtu aliyekaa mbali. Majirani walitatua shida hiyo zamani bila kungoja mradi: Lufufu Tanzania, DJ Afro Kenya, VJ Jingo Uganda, watu waliosimulia filamu za kigeni kwa sauti zao, kwa lugha ya watazamaji. Wasomi wanacheka kazi hiyo. Ila Lubumbashi ina wachekeshaji na watu wa redio wanaoweza kushika maikrofoni na kuifanya vizuri, kwa Kiswahili cha hapa, kile cha Kamalondo na cha komini ya Kenya.

Wakati unaofaa unajulikana: kati ya mwezi wa sita na wa nane hakuna mvua, na baridi ya usiku inatibiwa kwa blanketi. Komini ni saba, wiki ina siku saba. Tarehe ikipangwa mara moja isisogezwe kila mara mgeni fulani anapochelewa.

Kikao cha bajeti cha Bunge la jimbo kinafunguliwa mwisho wa mwezi wa tisa. Wabunge watakaa katika Jengo la 30 Juin, lililojengwa katika miaka ya 1950 ili liwe ukumbi wa michezo ya kuigiza wa mji.